Bi Sikudhani Aanguka Kidato cha Nne

Jina la nchi yetu silitaji. Si kwamba naogopa. Mimi ni mstaafu, sina cheo cha kunyang'anywa. Silitaji kwa sababu kwetu jina la nchi likitajwa lazima watu wasimame, na magoti yangu siku hizi hayataki mchezo. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani, ina wizara nyingi, na kila wizara ina ngazi.

Ngazi ninayotaka kuisimulia iko Wizara ya Usalama Kazini. Naijua vizuri, maana nilitumikia masjala ya wizara hiyo mpaka nywele zikanikimbia. Kidato chake cha nne kilibanduka kigae enzi za waziri yule aliyependa kofia, na tangu hapo kila mtumishi mpya alifundishwa mambo mawili siku ya kuripoti: mahali pa kusaini na namna ya kuruka kidato cha nne. Tuliruka wote. Wakurugenzi waliruka wakiwa wameshika koti, makatibu muhtasi waliruka wakiwa wameshika sketi, na wageni waliokuja kuleta malalamiko walijifunza wenyewe. Hakuna aliyeandika barua, kwa kuwa barua zote za hatari kazini hupelekwa Wizara ya Usalama Kazini, na mtu angelazimika kuipandisha kwa ngazi hiyo hiyo.

Msiniulize lifti. Lifti ipo. Ilizinduliwa kwa ngoma na utepe, waziri akaingia, akapanda, akashuka, akapigiwa makofi, akaondoka na ufunguo.

Bi Sikudhani Kilua alikuwa mpishi wa chai wa wizara. Watu walimwita Bi Siku. Chai yake ilikuwa na tangawizi ya kukata usingizi, na nina hakika ndiyo iliyoiendesha wizara miaka yote ile, maana sikuona kingine kilichokuwa kikiiendesha. Asubuhi moja menejimenti ilikuwa ghorofani ikiandaa Wiki ya Usalama. Chai ikanyweka, Bi Siku akakusanya vikombe kwenye sinia, akaanza kushuka. Mimi nilikuwa chini, nimekuja kuulizia faili langu la pensheni. Sasa, mtu mwenye sinia kubwa mikononi haoni miguu yake, na hata akiiona haruki. Nilisikia vikombe kwanza, kisha nikamsikia yeye.

Alipotua chini, mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda chini ya goti, mahali ambapo mguu hauna kiungo cha kupindia. Mlango wa kikao ukafunguka, Mkurugenzi wa Majengo, Bwana Zegeli, akachungulia kutoka juu.

"Kuna nini huko?"

"Nimeanguka, baba," akasema Bi Siku.

"Loo! Pole sana, Bi Siku!"

Na Bi Siku, akiwa amelala juu ya vigae na vipande vya vikombe, jasho likimtoka, akajibu kama mama yake alivyomlea:

"Asante, baba. Nimeshapoa."

Tukamsifu. Mtu akikupa pole unamjibu umeshapoa, hata kama nyumba inaungua nyuma yako. Huo ndio utu wetu. Bwana Zegeli akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi kikaoni. Wiki ya Usalama ikapitishwa bila kupingwa.

*

Hospitali Kuu ya Mifupa ina milango miwili. Mmoja umeandikwa "Walioumia Kazini" na wa pili "Walioumia kwa Mambo Yao". Mlango wa pili hauna daktari. Una benchi na picha ya rais. Bi Siku alikuwa bado na sare ya wizara, kwa hiyo tukampeleka wa kwanza, na hapo tukampata Dakta Kemilembe, mwanamke mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu ahitimu.

Akautazama mguu, akautazama tena kwenye picha ya eksirei.

"Mama, mfupa huu unataka kufunguliwa na kutiwa chuma. Ningeweza kukufanyia kesho asubuhi."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Siku.

"Ningeweza. Lakini umevunjika ukiwa na sare. Sheria inasema aliyevunjika na sare hapasuliwi mpaka Mahakama ya Visababishi itamke kilichomvunja. Mpaka hapo, mguu huu si mguu. Ni kielelezo. Nikiunyoosha nitakuwa nimeharibu ushahidi."

Nikauliza mimi, "Na mahakama ikichelewa, dakta?"

"Mfupa haungoji mahakama, mzee. Utaunga wenyewe, hivyo hivyo ulivyokaa. Ukishaunga umepinda, kuunyoosha itabidi niuvunje upya, na mimi sina kibali cha kuvunja."

Akamfunga plasta ngumu, ile watu wanayoiita hogo, akampa magongo na neno la kumtakia heri. Tukamrudisha Bi Siku nyumbani. Tulipokaribia kwake akasema:

"Kaka Hatibu, mimi sina ugomvi na serikali. Vikombe wakitaka wanikate kwenye mshahara. Nataka mguu ukunjike tu, nisujudu kama watu. Kuanzia leo naswali kitini, na naona nitazoea. Sitaki kuzoea."

Nikamwambia awe na imani na vyombo vya sheria. Nilisema hivyo kwa moyo safi kabisa, wala msinicheke.

*

Mahakama ya Visababishi ilianzishwa baada ya serikali kugundua kwamba mambo mengi nchini yanatokea, na hakuna anayejua kwa nini. Kazi yake ni kutafuta sababu ya kila jambo, na kuhakikisha sababu hiyo si serikali. Tulifika dirishani mapema. Karani alikuwa kijana mwenye miwani na haraka zake.

"Jina?"

"Sikudhani."

"Hukudhani nini?"

"Ndilo jina langu, mwanangu. Sikudhani Kilua."

"Ulianguka wapi?"

"Kidato cha nne."

Karani akainua macho. Uso wake ukalegea kwa huruma.

"Usijali, mama. Wengi wanaanguka hapo. Hata mdogo wangu alianguka kidato cha nne, sasa hivi ana duka la simu." Akagonga muhuri. "Hapa si mahali pake, lakini nitakusaidia kulipeleka faili panapohusika."

Hatukuelewa amesema nini, tukashukuru. Faili likaondoka. Kumbe liliondoka kwenda Wizara ya Elimu.

Lilikaa huko msimu mzima wa mvua. Bi Siku alikuwa akinipigia simu kila baada ya sala ya Ijumaa kuuliza kama nimesikia lolote, na mimi nilikuwa nikimjibu kwamba kimya ni dalili ya kazi kufanyika. Mwisho jibu likaja, limeandikwa vizuri, limesainiwa na Baraza la Mitihani. Lilisema kwamba Baraza limepekua kumbukumbu zake zote na halikuona mtahiniwa yeyote wa jina la Sikudhani Kilua aliyewahi kuanguka kidato cha nne. Endapo mhusika hajaridhika, aliruhusiwa kurudia kwa gharama zake.

"Kurudia nini?" Bi Siku akaniuliza.

"Kuanguka," nikasema, na nikaona aibu kwa niaba ya watu ambao wao hawakuiona.

Tulirudi dirishani, tukaeleza kwamba ni kidato cha ngazi, ya saruji, ambayo mtu anaikanyaga. Karani akaomba radhi sana, akafungua faili jipya. Lakini barua ile haikutoka kwenye jalada, kwa sababu kwetu barua ikishagongwa muhuri haifi.

*

Kesi ikasikilizwa katika chumba chenye feni moja, ambayo iligeuziwa upande wa serikali. Jaji alikuwa Mheshimiwa Ngwatu, mtu mpole, mnene, mwenye tabia ya kufumba macho mtu akisema jambo la kweli. Upande wa wizara alisimama Wakili Msomi Rutatina. Bi Siku hakuwa na wakili. Chama cha wafanyakazi kilimtumia salamu za mshikamano, na mwakilishi wake akaja akakaa karibu na feni.

Wenzake wa wizarani wakaitwa kutoa ushahidi. Walikuwa watu wazuri, walioinywa chai yake, na wote walisema ukweli kwa kiasi ambacho mtu mwenye ajira anaweza kuusema.

"Ulimwona mlalamikaji siku hiyo?" Rutatina alimuuliza wa kwanza.

"Nilimkuta yuko chini."

"Kabla ya hapo?"

"Alikuwa juu."

"Na katikati?"

"Katikati sikuwepo."

Akaja mwingine, akaja mwingine tena. Wote walikuwa wamemwona juu, wote wamemwona chini. Ikafika zamu yangu. Nikaapa, nikasema sikumwona akianguka ila nilisikia vikombe.

"Vikombe hivyo viliapishwa?" akauliza Rutatina.

"Hapana, bwana wakili. Vilivunjika."

"Basi hatuwezi kuvihoji." Akamgeukia jaji, akavuta pumzi ndefu. "Mheshimiwa, tuna mtu aliyekuwa juu. Tuna mtu aliyekuwa chini. Safari baina ya sehemu hizo mbili haina shahidi. Yawezekana alianguka. Yawezekana pia alishuka kwa haraka. Serikali yangu tukufu haiwezi kubebeshwa lawama kwa sababu ya mwendo wa mtu."

Jaji akaandika. Rutatina akanywa maji, akaendelea. Alisema ngazi za wizara zilijengwa kwa ajili ya kupanda, kama sera ya taifa inavyotaka, na Bi Siku kwa hiari yake aliamua kushuka. Alisema mtumishi makini hudhani kwamba hatari ipo, lakini huyu hata wazazi wake walikiri tangu anazaliwa kwamba hakudhani. Akaisoma barua ya Baraza la Mitihani kwa sauti, kuonyesha kwamba chombo chenye mamlaka kimeshathibitisha hajawahi kuanguka kidato cha nne. Halafu akaingia kwenye sarufi.

"Mama, ulipofika chini ulisema neno gani?"

"Nilisema nimeanguka."

"Hukusema umeangushwa?"

"Hapana, baba."

"Mheshimiwa!" Wakili akapaza sauti mpaka mwakilishi wa chama akazinduka. "Lugha yetu ni tajiri. Imempa kila raia, bila ubaguzi, kauli ya kutendwa. Kama kuna kitu kilimwangusha, mlalamikaji alikuwa huru kabisa kusema 'nimeangushwa'. Hakusema. Alisema 'nimeanguka', yaani yeye ndiye mtenda, na kitendo ni chake."

Bi Siku akaegemea gongo lake. "Baba wakili," akasema taratibu, "mtu akiwa chini anachagua vitenzi?"

Jaji Ngwatu akafumba macho. Hapo nikapata tumaini kidogo.

"Una la kuongeza, mama?" jaji akauliza.

"Sina mengi, mheshimiwa. Kigae hakipo, kila mtu anajua hakipo. Hata bosi wangu, Bwana Zegeli, hakuniuliza nimeanguka kwa nini. Alijua. Alinipa pole palepale."

Chumba kikachangamka. Rutatina akasimama, akakaa, akasimama tena. Mkurugenzi wa wizara kumpa pole majeruhi kabla ya uchunguzi! Hiyo si sawa na kukiri? Bwana Zegeli aliyekuwa kiti cha mbele akaanza kujifuta shingo. Jaji akainama mbele.

"Alikwambia pole. Na wewe ulimjibu nini?"

"Nikamwambia asante, nimeshapoa."

Rutatina akakaa. Hakuwa na haja ya kusema tena, ila akasema, kwa sauti ya upole kama mtu anayemfunika mtoto shuka: "Alishapoa, mheshimiwa. Palepale chini, kwa kinywa chake mwenyewe. Tunajadili mguu gani?"

Nilimtazama Bi Siku. Akalishika gongo lake vizuri. Kisha akauangalia mguu wake.

*

Jaji akaahirisha ili akaione ngazi kwa macho yake kabla ya kuamua. Wakati tunangoja, wizara ilitoa waraka. Ulipiga marufuku neno pole ndani ya jengo na viunga vyake, kwa kuwa limeonekana kuwa na athari za kisheria. Mtumishi akiona mwenzake ameumia, amefiwa au anaumwa, anaruhusiwa kusema "nimeona". Wiki ile ile mhasibu alifiwa na mama yake. Nikapita ofisini kwake, nikakuta wenzake wamejipanga mlangoni, mmoja mmoja wanaingia, wanamshika mkono, wanasema "nimeona" na kutoka. Yule mtu alilia kuliko nilivyowahi kuona mwanamume akilia kazini.

Kwa ajili ya ugeni wa jaji, wizara ilipaka ukuta rangi, ikaweka maua ya plastiki, ikatandika zulia jekundu kutoka ghorofani mpaka chini. Kigae hawakukirudisha. Bwana Zegeli alinieleza mwenyewe, kwa nia njema, kwamba kidato cha nne sasa ni kielelezo cha mahakama, na kukitengeneza kungekuwa kosa la jinai. Wakakifunika tu.

Jaji alipandishwa juu kwa mlango wa nyuma, unaofunguliwa kwa wageni wakubwa tu, akapewa soda, kisha msafara ukaanza kushuka mbele ya kamera. Mimi na Bi Siku tulisimama chini, yeye na magongo yake na hogo lililoanza kuwa jeusi ukingoni. Mbele alikuwa Bwana Zegeli. Alipofika pale, akashika koti, akaruka. Nyuma yake Rutatina, ambaye alishaelekezwa, naye akaruka.

"Mbona mnaruka?" jaji akauliza kutoka juu.

"Furaha, mheshimiwa," akasema Zegeli. "Furaha ya ugeni wako."

Ungemwambia nini? Ukisema "angalia hapo", umekiri kuna shimo. Watumishi wote walikuwa wamejipanga ukutani, na wote waliukazia macho mguu wa jaji, na hakuna aliyefungua kinywa. Zulia likazama. Mheshimiwa Ngwatu akaja chini akiwa ametanguliza mkono.

Sijawahi kusikia ukimya wa namna ile. Jengo zima la watu waliolelewa vizuri, mtu mzima ameanguka mbele yao, na neno moja tu linawawasha mdomoni, na ni marufuku. Mmoja alikohoa. Mwingine alisema "nimeona" kwa sauti ya chini sana. Jaji akageuza uso huku na huku, akitafuta, kama mtu aliyeamka ugenini.

Bi Siku akasogea, gongo, mguu, gongo.

"Pole, mheshimiwa," akasema.

Na Mheshimiwa Jaji Ngwatu, aliyesoma sheria ndani na nje ya nchi, mkono wake ukiwa umegeukia upande usio wake, akajibu kwa kuwa na yeye alikuwa na mama:

"Asante, mama. Nimeshapoa."

Karani alikuwepo kuandika kila litakalosemwa. Akaliandika na hilo. Rutatina akaiona kalamu ikitembea, akafumba macho.

Walitazamana muda mrefu, jaji akiwa chini na Bi Siku akiwa amemwinamia kadiri mguu ulivyomruhusu. Niliiona sura ya jaji ikibadilika. Naapa niliiona. Mtu yule alikuwa ameelewa kila kitu: kigae, neno, adabu, maumivu. Tukirudi nyumbani Bi Siku akacheka, mara ya kwanza tangu vikombe vivunjike. Akaniambia siku ya hukumu atanipikia chai mwenyewe, amesimama. Yeye ndiye Sikudhani, lakini siku ile tulidhani wote wawili.

*

Siku ya hukumu jaji hakuwepo. Alikuwa ameondoka usiku uliopita kwa ndege kwenda nje ya nchi, kwa kile redio ilichokiita mapumziko mafupi. Picha kwenye gazeti ilimwonyesha akipunga mkono wa kushoto. Hukumu aliiacha, ikasomwa na msajili.

Msajili alisoma kwa haraka, kama mtu aliyeacha chakula jikoni. Mahakama imetembelea ngazi na kuiona kwa ukaribu mkubwa. Mahakama haikuanguka, mahakama iliteremka ghafla. Kuhusu neno "nimeshapoa", mahakama imejiridhisha kwamba likitamkwa na mtu mwenye akili timamu ni uthibitisho kamili wa kupoa. Mahakama yenyewe imelitamka neno hilo, mahali pale pale, na mahakama yenyewe imepoa. Kwa hiyo hakuna jeraha, na pasipo jeraha hakuna haja ya kutafuta sababu. Shauri limefungwa.

Bi Siku alimwuliza msajili swali moja tu. "Kwa hiyo mwanangu, hospitali nitaingia mlango upi?"

"Mama, umepoa," akasema msajili. "Waliopoa hawana mlango."

Tulikwenda hivyo hivyo. Dakta Kemilembe akatupitisha mlango wa jikoni, akakata hogo, akaupapasa mguu kwa vidole vyake, akaupapasa tena.

"Umeunga," akasema.

"Umepinda?"

"Umepinda, mama."

Halafu akavua glavu, akatoka nje, na nilimwona dirishani amesimama karibu na mapipa ya taka akiwa ameshika kiuno. Habari kwamba mguu umeunga zilifika wizarani kabla hatujafika nyumbani. Gazeti likaandika kwamba sayansi imethibitisha hukumu.

Basi mngedhani imeishia hapo. Lakini serikali yetu ni sikivu, na haiachi jambo zuri lipotee. Kama neno moja lilimponya mpishi wa chai na jaji kwa mpigo, kwa nini lisiponye taifa? Marufuku ikafutwa. Ikaanzishwa Kampeni ya Pole Nyumba kwa Nyumba, na Bwana Zegeli akateuliwa Mratibu wa Taifa. Maofisa wakaingia wodini kwa zamu, kitanda hadi kitanda. "Pole!" anasema ofisa. "Asante, nimeshapoa," anajibu mgonjwa, kwa kuwa amelelewa vizuri, na karani anamwandika, na kabla hajamaliza kumeza mate anavuliwa shuka. Wodi zikaisha watu. Wageni kutoka nchi jirani walikuja kujifunza. Nilimwona mzee mmoja akiteremshwa getini na chupa yake ya maji ya mshipa, ameishika mwenyewe juu, anawashukuru kwa kumjali.

*

Mwisho wakaja kwa Bi Siku. Ilibidi, yeye ndiye chimbuko la kampeni. Nilikuwa kwake mchana huo, tunakunywa chai niliyoipika mimi, mbaya. Gari likasimama, wakashuka watu wa kamera, karani, kina mama wa kushangilia, na Bwana Zegeli, aliyebeba doti ya khanga iliyochapwa neno POLE kubwa katikati.

Bi Siku alikuwa kwenye kiti chake kilichotazama kibla. Mguu ulikuwa mbele yake, umekwenda upande, kama unataka kuelekea nyumba ya jirani. Zegeli akamwekea khanga mapajani, akarudi hatua, akasubiri taa ya kamera iwake. Lazima niseme ukweli: mtu yule alikuwa na haya usoni. Sauti yake ilipotoka haikuwa ya mratibu.

"Bi Siku," akasema, "pole."

Karani alishaweka kalamu kwenye karatasi. Kina mama walishainua mikono tayari kwa vigelegele. Na mimi mwenyewe midomo ilikuwa inamsaidia kujibu, maana jibu ni moja tu, tumelishika tangu hatujaota meno.

Bi Siku akaitazama khanga. Akamtazama Zegeli.

"Bado," akasema.

Zegeli akamkaribia. "Nimesema pole, Bi Siku."

"Nimesikia, baba. Na nimekushukuru. Lakini bado. Sijapoa."

Karani akamgeukia mkubwa wake, akamnong'oneza kwamba hakuna mahali pa kuandika hilo. Mpiga picha akauliza kama warudie. Zegeli akasema hapana, hapana, zima. Alisimama muda kidogo akiwa ameshika koti lake kwa mkono mmoja, kama walivyozoea kufanya pale ngazini, halafu akatoka. Kina mama wakashusha mikono. Mmoja wao, alipokuwa anapita mlangoni, alikuwa ameshika ubavu wake wa kushoto, na nilimsikia akijisemea, "Hata mimi bado."

Gari lilipoondoka, adhana ya alasiri ikaanza msikitini. Bi Siku akaikunja khanga, akaiweka chini, akaniomba nimgeuzie kiti kidogo kwa sababu wale watu walikisukuma. Nilitaka kumwambia pole. Lilifika mpaka kwenye meno, nikalirudisha, nikamgeuzia kiti.